Asubuhi mzima, magharibi hawezi: jinsi ya kuzifuata saa za mguu wa mtoto wako

Kama una mtoto ambaye akiamka hutembea vizuri, pengine hata hukimbia, kisha kadiri jua linavyopanda mguu mmoja unaanza kupinda kwa ndani, akawa anakanyagia ncha za vidole, na ikifika magharibi anataka kubebwa, tafadhali soma hili kabla hujalikubali jina lolote la ugonjwa ulilopewa. Mimi ni mama wa mtoto wa namna hiyo. Tunakaa Langoni, mjini Lamu, ninashona kofia, na binti yangu sasa yuko darasa la nne. Alipokuwa na miaka sita tuliambiwa ana mtindio wa ubongo (cerebral palsy) alioupata wakati wa kuzaliwa, na kwamba hapana la kufanya ila kumnyoosha viungo. Kumbe maradhi yake ni mengine. Yanaitwa ugonjwa wa Segawa, ni ya nadra sana, na yana dawa.

Kilichomfungulia njia hakikuwa mashine. Picha ya ubongo ya MRI ilitoka safi, na kwa ugonjwa huu hivyo ndivyo inavyotoka kwa kawaida. Kilichomsaidia daktari ni saa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya ni kuhusu namna ya kuziandika saa hizo na kumfikishia anayeweza kuzisoma.

Kwanza fahamu kinachotendeka kichwani

Usiiruke sehemu hii kwa sababu ina majina magumu. Ukiielewa, kila utakachoambiwa kufanya baadaye kitakuwa na maana kwako, na hutayumbishwa na kila mpita njia.

Ubongo huongoza misuli kwa kupeleka habari kutoka seli moja ya neva hadi nyingine, na habari hizo hubebwa na kemikali. Mojawapo ni dopamini. Ndiyo inayosaidia ubongo kupanga msuli upi ukaze na upi ulegee. Dopamini isipotosha, misuli ambayo ingepokezana inakaza kwa pamoja, na mguu unajipinda wenyewe bila mtoto kutaka. Kujipinda huko madaktari hukuita disitonia.

Dopamini yenyewe hutengenezwa kwa hatua. Tukila samaki, mbaazi au maziwa, protini yake huvunjwavunjwa kuwa asidi amino, na mojawapo ni tairosini. Ndani ya seli ya neva kuna kimeng'enya kiitwacho tairosini haidroksilesi, kazi yake kuigeuza tairosini iwe levodopa. Kimeng'enya kingine huichukua levodopa na kuifanya dopamini. Shida iko kwenye hatua ile ya kwanza. Kimeng'enya chake hakifanyi kazi bila msaidizi, na huyo msaidizi ni tetrahaidrobiopterini, ambayo madaktari wenyewe huifupisha wakaiita BH4. BH4 hutengenezwa mwilini mwetu, na kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji huo hutokana na jeni inayoitwa GCH1, iliyoko kwenye kromosomu ya 14. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo. Mwenye Segawa nakala yake moja ina kasoro. Basi BH4 inakuwa chache, levodopa inakuwa chache, na dopamini haimfikishi mtoto mwisho wa siku.

Mimi nilielewa nilipolifikiria birika la bafuni kwetu. Usiku watu wamelala, linajaa polepole. Asubuhi unachota utakavyo, adhuhuri unaanza kuinama, na magharibi kata inakwaruza chini. Mtoto akilala, akiba ya dopamini inajirudisha. Akiamka anaitumia, na akicheza sana anaimaliza mapema zaidi.

Daktari wa Tokyo, Masaya Segawa, ndiye aliyewaeleza watoto hawa, na maandishi yake ya mwaka 1976 ndiyo yaliyoufanya ugonjwa ujulikane nje ya Japani. Tangu hapo aliweka wazi jambo lile lile ambalo mama yeyote analiona: tofauti kubwa ya asubuhi na jioni. Jeni ya GCH1 ilitambuliwa mwaka 1994. Na kuna jambo jingine la kumshukuru Mungu: katika ugonjwa huu seli za neva hazifi kama zinavyokufa kwa wazee wenye Parkinson. Zipo, nzima, zinasubiri malighafi. Ukimpa mtoto levodopa iliyokwisha tengenezwa, unakuwa umeiruka hatua iliyokwama, na seli zinamalizia kazi zilizobaki.

Andika kwa adhana

Chukua daftari la shule la kawaida. Chora safu tano: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha. Nimechagua adhana kwa sababu mimi saa ya ukutani huisahau, lakini Langoni adhana huwezi kutoisikia, na hata shangazi au dada aliyebaki na mtoto atajua ni wakati wa kutazama. Kama kwenu mnatumia saa ya simu, sawa, almuradi nyakati ziwe zile zile kila siku.

Kila adhana mwambie mtoto atembee kidogo, kutoka mlangoni hadi ngazini na kurudi, pekupeku. Mpe alama. Sifuri ni mwendo wa kawaida. Moja, kidole gumba kinainuka au unyayo unageuka ndani, lakini hachechemei. Mbili, anachechemea. Tatu, anashika ukuta au hataki kabisa kutembea. Usiandike “ana hali mbaya” au “anaonekana amechoka”. Maneno hayo daktari hawezi kuyapima. Tarakimu anaziona kwa jicho moja zikipanda kuanzia kushoto kwenda kulia, siku baada ya siku.

Pembeni acha nafasi ya mambo matatu tu: alilala mchana au la, alicheza sana au alikaa, na kama ana homa. Usingizi wa mchana ndio wa kuutazama kwa makini. Mtoto wangu akilala baada ya chakula alikuwa anaamka Alasiri na alama ya sifuri au moja, na siku asipolala Alasiri hiyo hiyo ilikuwa mbili au tatu. Hicho ndicho kitu kimoja kilichomfanya daktari aliyemwona Mombasa aliweke chini kalamu na kuanza kuuliza maswali upya.

Utaambiwa kwamba kila mtoto huchoka jioni, na ni kweli. Mwenye mtindio wa ubongo pia huchoka. Tofauti iko hapa: mtoto aliyechoka tu, mguu wake haubadiliki umbo. Na mwenye mtindio wa ubongo haamki asubuhi akiwa hana dalili. Tena, mtindio wa ubongo dalili zake huanza kuonekana mtoto akiwa mdogo sana, katika kukaa, kutambaa na kusimama. Segawa mara nyingi humjia mtoto aliyekwisha kutembea na kukimbia na wenziwe miaka kadhaa, ikaanzia kwenye mguu mmoja. Akili yake ni timamu, na masomo anayashika. Ukiona hayo, andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: alianza kutembea lini, mguu ulianza kupinda lini.

Tazama na viatu vyake. Champali za mtoto wangu zilikuwa zinalika ukingo wa nje wa mguu wa kushoto, na kisigino cha mguu huo kilibaki kipya.

Daftari pekee halitoshi. Piga na video. Mahali pawe pamoja, mwendo uwe mmoja, simu uishike chini usawa wa magoti ili nyayo zionekane. Uso si lazima, na mimi sikuuonyesha. Chukua ya Alfajiri na ya Magharibi ya siku moja, halafu nyingine kabla na baada ya usingizi wa mchana. Dakika nusu kila moja inatosha. Video ndefu daktari hana muda wa kuitazama.

Kliniki ni asubuhi, na ugonjwa ni wa jioni

Hapa ndipo watoto wetu wanapopotea. Sisi wa Lamu tukiandikiwa rufaa ya kwenda Mombasa, tunavuka kwa boti hadi Mokowe, tunapanda basi, mtoto analala njia nzima Witu, Garsen, Malindi, na tunalala kwa jamaa. Kesho yake saa mbili asubuhi mtoto yuko mbele ya daktari, amelala usiku kucha, birika limejaa. Daktari anamwambia atembee. Anatembea. Anaonekana mama anayetia chumvi.

Ukiweza, omba uonwe mwisho wa foleni, na muda wa kungoja mwache mtoto acheze na apande ngazi. Usipoweza, ingia na video zikiwa tayari kwenye simu, usianze kuzitafuta mbele ya daktari. Na sema maneno machache, yale yale ya daftari: “Daktari, asubuhi mwendo wake ni wa kawaida. Jioni mguu wa kushoto unapinda mpaka hawezi kutembea. Akilala mchana unarudi sawa.” Kisha muulize moja kwa moja kama hii inaweza kuwa disitonia inayoitikia levodopa. Hilo ndilo jina jingine la ugonjwa wa Segawa, na daktari wa neva za watoto analijua hata kama hajawahi kumwona mgonjwa wake. Ugonjwa wenyewe unakadiriwa kuwapata watu wachache mno, kama mmoja tu katika milioni, kwa hiyo usimlaumu daktari wa kawaida kwa kutoufikiria. Mletee saa, naye ataufikiria.

Kuna vipimo. Cha jeni ya GCH1 hutumia damu. Kingine huchukua maji ya uti wa mgongo na kupima mabaki ya dopamini pamoja na kemikali za familia ya BH4, lakini maji hayo lazima yagandishwe upesi na yapelekwe maabara maalumu, na maabara hizo ni chache duniani. Kwa hiyo madaktari wengi huanza na jaribio la dawa: levodopa kidogo, inayopandishwa polepole chini ya uangalizi, huku daftari likiendelea. Mwenye Segawa huitikia dozi ndogo, na mara nyingi mabadiliko yanaonekana ndani ya siku au wiki chache. Usiache kuandika daftari siku hizo. Alama za Magharibi zikishuka kutoka tatu hadi sifuri, huo wenyewe ni ushahidi.

Tafadhali, usiende duka la dawa kuinunua na kumjaribishia mtoto nyumbani. Miguu inayopinda ina sababu nyingi, na nyingine, kama ugonjwa wa Wilson ambapo shaba hujikusanya kwenye ini na ubongo, zina dawa yake tofauti na hazingoji. Na kama mtoto kweli ana mtindio wa ubongo, mazoezi ya viungo ni haki yake na yanamfaa. Usiyaache kwa kusoma habari zangu.

Waulize wakubwa, kwa adabu

Daktari atauliza kama kuna mtu mwingine katika ukoo. Usijibu “hakuna” kabla hujakaa na wazee.

Mimi nilikwenda kwa shangazi wa mume wangu baada ya Alasiri, nikamkuta ukumbini anachagua mchele. Nikamwamkia, nikakaa mkekani, nikashika sinia upande wangu, tukachagua pamoja. Sikumuuliza kama anaumwa. Nilimweleza habari za mjukuu wake, namna mguu unavyofanya jua likishuka. Alinyamaza kidogo, akanyoosha mguu wake wa kulia chini ya leso, akanionyesha. Unyayo umegeuka ndani, ukingo wa nje umeota sugu. “Huu, mwanangu,” akaniambia, “tangu sijavunja ungo. Asubuhi ni mguu wangu. Usiku si wangu.” Maisha yake yote alikuwa akimaliza kazi za nyumba kabla ya Adhuhuri, na watu walidhani ni tabia yake ya kuamka mapema.

Jeni yenye kasoro inaweza kutoka kwa baba au kwa mama, na mzazi aliye nayo ana nusu ya uwezekano wa kumpa kila mtoto anayezaliwa. Lakini si kila aliye nayo anaugua. Wanawake hudhihirisha dalili zaidi kuliko wanaume, ndiyo maana mume wangu anatembea bila shida yoyote. Ulizia mguu uliopinda, mkono unaotetemeka, mzee anayetembea kwa ugumu, mtu aliyeitwa mvivu wa jioni. Nasema hili kwa uzito: mama wa mtoto asikalishwe kikao cha lawama, na mtoto asitangazwe kuwa ana jini. Sisi tulisoma dua na tunasoma mpaka leo. Dua haikutuzuia kupanda basi.

Ukishapewa dawa

Levodopa ya vidonge huja pamoja na kabidopa, na ni vizuri ujue kwa nini. Dopamini yenyewe haiwezi kupita kutoka kwenye damu kuingia ubongoni, levodopa inaweza. Lakini levodopa ikiachwa peke yake, nyingi hugeuzwa dopamini huku nje, tumboni na kwenye damu, ikamletea mtoto kichefuchefu na isifike juu. Kabidopa huzuia ugeuzaji huo wa nje, nayo haiingii ubongoni, kwa hiyo haimzuilii mtoto anachokihitaji.

Soma tarakimu kwenye pakiti kila unapopewa. Kidonge cha 25/100 kina miligramu 25 za kabidopa na 100 za levodopa. Kuna cha 25/250 pia, na rangi au umbo lisikudanganye: nusu ya hiki na nusu ya kile ni dozi mbili tofauti kabisa. Kidonge cha kutoa dawa polepole kisikatwe wala kusagwa bila ruhusa ya daktari. Vya kawaida vikikatwa, ukivisaga kwenye maji mpe mtoto papo hapo, usiviache kikombeni. Na kwa unyevu wetu wa pwani, dawa ikae kwenye kopo lake limefungwa, mbali na jiko.

Levodopa hugombania mlango mmoja na asidi amino za chakula, matumboni na kwenye kuingia ubongoni. Kwa hiyo sisi humpa mtoto nusu saa kabla ya chai ya asubuhi, kwa maji matupu, ndipo mahamri na mbaazi zifuate. Siku tumbo linapomsokota humpa na kipande cha boflo (mkate) au wali mkavu, si maziwa wala samaki. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma nayo hupunguza levodopa inayoingia mwilini, basi muulize daktari azitenganishe saa.

Mkojo na jasho vinaweza kuwa na rangi nzito. Mtandio mweupe wa chuoni (madrasa) ulianza kupata madoa shingoni, na halikuwa jambo la kutisha. La kutisha, au tuseme la kupigia simu, ni mtoto akianza kujinyonganyonga, kuchezacheza mikono na kichwa bila kutaka. Hiyo huenda ni dozi imezidi, na daktari ataishusha. Usiikatize dawa ghafla kwa uamuzi wako. Kwa hiyo pia usisubiri kopo libaki na vidonge viwili: Mto Tana ukifurika barabara hukatika, na dawa iliyoko Mombasa haikufai kitu. Mimi huagiza mapema, mvua kabla hazijaanza. Mtoto akikua na uzito ukapanda, dozi hutazamwa upya. Daftari hulirudia wiki moja kabla ya kila miadi.

Zungumza na ustadhi wa chuo. Darasa la baada ya Alasiri ndilo lililomtesa wangu kabla ya dawa, kukaa chini miguu imekunjwa saa ya birika kukauka. Tuliomba akae ameegemea ukuta na miguu ameinyoosha, na tulikubaliwa bila neno.

Limebaki moja, nalo ndilo ninalolihofia kuliko yote. Watoto wetu huugua malaria, hutapika, na tukifika zahanati hupewa dawa ya kuzuia kutapika. Iliyo karibu zaidi mara nyingi ni metoklopramidi, wengi tunaijua kwa jina la Plasil. Dawa hiyo huziba mahali dopamini inapofanyia kazi ubongoni, hata mtoto mzima inaweza kumkaza shingo na macho. Kwa mtoto mwenye Segawa ni kumnyang'anya kile kidogo alicho nacho. Haloperidoli na klopromazini, dawa za maradhi ya akili, ni vivyo hivyo, na promethazini pia tumeambiwa tuiepuke. Usitegemee kumbukumbu yako usiku wa manane mtoto akiwa na homa. Andika kwenye kadi, kwa herufi kubwa, uipige plastiki:

*Mtoto huyu ana disitonia inayoitikia levodopa (ugonjwa wa Segawa). Anatumia levodopa na kabidopa kila siku, zisikatizwe. Asipewe metoklopramidi, haloperidoli, klopromazini wala promethazini. Kabla ya kumpa dawa yoyote ya kutapika, tafadhali mpigie daktari wake.*

Chini yake weka dozi, tarehe iliyoandikwa, na nambari ya simu ya daktari. Nakala moja ikae kwenye mkoba wa shule, moja kwa mwalimu, moja kwa bibi yake, na moja ndani ya kijitabu cha kliniki, ukurasa wa kwanza, mahali muuguzi atakapofungua.